Waraka wenye muhuri hausomeki kwa mwenzetu asiyeona: nifanyeje?

karani_masjala: Habari za kazi, ndugu zangu. Nipo masjala katika ofisi moja ya umma, na kila waraka unaotoka kwetu huchapwa, hutiwa saini na muhuri, kisha huskaniwa na kutumwa kwa barua pepe. Mtumishi mwenzetu asiyeona amenieleza kuwa NVDA, programu inayomsomea kompyuta, haitamki chochote kilichomo, hivyo humlazimu kumwomba mtu amsomee, hata pale waraka unapohusu uhamisho wake mwenyewe. Nimeumia, kwa sababu anayeskani ni mimi. Nifanye nini bila kuvunja utaratibu wa muhuri?

mwalimu_nukta: Ndugu karani, asante kwa kuuliza; mimi pia sioni. Waraka ulioskaniwa ni picha, na ndani ya picha hamna herufi za kusomwa. Tuma mafaili mawili: lenye muhuri kwa ajili ya kumbukumbu, na lile la Word ulilochapia. Vichwa vya habari usivikoleze wino tu, bali viteue kwa mitindo ya vichwa iliyomo Word (Heading), kwani nikibonyeza herufi H naruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo, waraka wa kurasa 20 naupitia mstari kwa mstari hadi nikifikie kifungu ninachokitaka.

Tena, na hili wengi hawalijui, weka lugha ya faili iwe Kiswahili. Ikiachwa Kiingereza, sauti ya Kiingereza ndiyo inayosoma, na "mwajiri wake" nasikia "weik", hata "pole" ya msiba inageuka "poul". Sauti ya Kiswahili imo ndani ya NVDA. Inasubiri tu faili liseme lugha yake.

mpiga_chapa: Nakubaliana na mwalimu, isipokuwa kwenye faili la Word, kwa sababu wakuu wengi watahofia kuwa litabadilishwa. Litoe kama PDF kwa njia ya kuhifadhi, si kwa amri ya kuprinti, maana kuprinti hufuta alama zinazoonyesha kipi ni kichwa na kipi ni jedwali. Mkuu wako akisita, mkumbushe Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009: ibara ya 9 inataja waziwazi upatikanaji wa habari na mawasiliano.

karani_masjala: Nawashukuru sana. Nimepakua NVDA, kwa kuwa ni ya bure, nikafumba macho na kufungua waraka wa wiki iliyopita: ilitaja jina la faili, kisha kimya. Nakala ya PDF niliyoitoa upya kutoka Word ilisomeka yote, ila jedwali la likizo lilivurugika pale nilipounganisha visanduku, nami nimevitenganisha. Mwenzetu ameipokea asubuhi hii na ameomba nyaraka zote za mwaka jana. Faili za awali ninazo, na nimeanza na ile ya uhamisho.