PCA yangu inatenganisha siku za kupima, si spishi za uyoga

Swali: Wakuu, napima unga wa Pleurotus ostreatus, Pleurotus pulmonarius na Termitomyces kwa FTIR yenye ATR (kipimo cha mwanga wa infraredi unaofyonzwa na unga uliobanwa juu ya fuwele ya kifaa). Kwenye PCA (njia ya takwimu inayofupisha vipimo vingi kuwa picha ya nukta, kila sampuli nukta yake) nukta zinajikusanya kwa siku ya kupima. Tatizo nini?

Jibu 1: Anza na maji. Hufyonza mwanga karibu na 1640 cm⁻¹ (namba ya wimbi, yaani mahali kwenye spektra), palepale ulipo mkanda wa amidi I wa protini na kitini (dutu ya kuta za seli za uyoga). Kausha kwa 40 °C hadi uzito usibadilike, saga, chekecha, hifadhi na silika jeli. Pima usuli (kifaa kikiwa bila sampuli) upya kabla ya kila sampuli. Kofia na shina visichanganywe, kemia yake hailingani.

Jibu 2: Mkuu hapo juu yuko sahihi. Baada ya hapo bakiza sehemu ya spektra ya 1800–900 cm⁻¹, fanya SNV (kusawazisha ukubwa wa kila spektra) na derivativu ya pili ya Savitzky–Golay (hulainisha spektra na kutenganisha vilele vilivyopandana). PCA hufuata tofauti iliyo kubwa kuliko zote, hata ikiwa ni unyevu. Kutambua spishi tumia PLS-DA, modeli inayofundishwa kwa sampuli ambazo spishi zake zinajulikana. Skani za uyoga mmoja zikae zote upande mmoja, mafunzo au majaribio, la sivyo usahihi utapanda kwa uongo.

Muuliza: Je, modeli itakamata uyoga wenye sumu?

Jibu 2: Hapana! Spishi ambayo haikufundishwa itabandikwa jina la mojawapo ya hizo tatu. Tafadhali, mtu asile kwa kutegemea modeli hiyo.