Miradi ya klabu yetu ya kujitolea haidumu: tumekosea wapi?

Katibu, Korogwe

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa klabu ya kujitolea yenye wanachama 22: walimu, wafanyabiashara wa sokoni, mafundi na vijana wa bodaboda. Kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, hivyo michango ikikamilika tunapata shilingi 2,640,000 kwa mwaka. Si haba, lakini matunda yake siyaoni.

Januari mwaka jana tulipanda miche 300 katika shule moja ya msingi. Niliporudi mwezi wa Septemba nilihesabu 41 iliyo hai. Mingine ilikuwa vijiti vikavu, na mbuzi walikuwa wakipita katikati yake. Kabla ya hapo, kwa msaada wa marafiki walio nje ya nchi, tulichimba kisima kirefu katika kijiji jirani na kukiwekea bomba la mkono. Mwaka wa pili bomba likasimama. Mwezi uliopita nilikuta mpini wake umefungwa kwa kitambaa cha kitenge ili watoto wasiuchezee, na akina mama wamerudi mtoni na madumu yao. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, bomba lenu limeharibika." Hilo neno "lenu" limenikaa moyoni hadi leo.

Mwaka huu wanachama wamegawanyika. Wapo wanaotaka kisima cha pili, na wapo wanaoona tuendelee kupeleka mchele na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima kama kawaida yetu. Je, tunachagua miradi vibaya, au tunaiendesha vibaya?

Mwana wa Kwale

Ndugu Katibu, huyo mzee alikwisha kukujibu kabla hujauliza.

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu, Kwale, pwani ya Kenya, enzi za mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia ulioanza kujaribu mabomba ya mkono huku mwaka 1983. Majaribio hayo, pamoja na yale ya Malawi, ndiyo yaliyozaa bomba la Afridev ambalo leo limeenea katika nchi nyingi. KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya, lilifanya kazi na wanavijiji, hasa akina mama, na kamati ya kwetu ilitakiwa iwe na akaunti ya benki yenye fedha za matengenezo kabla bomba halijafungwa. Bomba lenyewe liliundwa kwa nia hiyohiyo: pistoni hutolewa kwa kuvuta fimbo kupitia juu, bila kung'oa mabomba ya plastiki yaliyomo kisimani, na spana moja hutosha kwa karibu kazi yote. Nimemwona mama na wenzake watatu wakivuta fimbo hizo asubuhi, wakatoa mpira wa pistoni uliokwisha kulika ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, wakaweka mpya, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa kwenye foleni.

Kwa hiyo msichimbe kisima cha pili. Kifufueni cha kwanza. Nendeni kwanza ofisi ya RUWASA ya wilaya yenu, kwa kuwa tangu mwaka 2019 wakala huo ndio wenye dhamana ya maji vijijini, muulize kijiji hicho kiko chini ya chombo kipi cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kisha kaeni na akina mama wanaoteka, si na viongozi peke yao, mkubaliane nani atafundishwa ufundi, vipuri vitanunuliwa duka gani na kila kaya itachangia kiasi gani. Kama watu hawako tayari kuchangia hata kidogo, ni afadhali mlijue hilo sasa.

Mwalimu wa Muheza

Kuhusu miti, Januari ni kiangazi, na mche uliopandwa wakati huo unahitaji mtu wa kuumwagilia karibu kila siku. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti iko tarehe 1 Aprili kwa sababu nzuri: masika yameanza. Tena shule hufungwa Juni na Desemba, na likizo ndiyo inayoua miche. Sisi tulipunguza idadi hadi miche 60, tukampa kila mwanafunzi wa darasa la nne mche wake, tukaweka matandazo ya nyasi na uzio wa miiba, na mlinzi wa shule tunamlipa kidogo wakati wa likizo. Miche 60 inayoishi ni bora kuliko 300 ya kupigia picha.

Muuguzi

Naomba niongeze mradi ambao hamkuutaja: kuchangia damu. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Shule zinapofungwa, akiba ya damu hupungua, maana wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Wanachama 22 wanaofika kituoni katika miezi hiyo, mwaka baada ya mwaka, wanawasaidia akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua na watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria.

Katibu, Korogwe

Nawashukuru sana. Kikao cha jana kimekubali kuahirisha kisima kipya, na Jumamosi tunakwenda kijijini pamoja na fundi, bila mabango wala fulana. Damu tutachangia Juni. Limebaki jambo moja kwa ndugu yetu wa Kwale: wale wajane na wazee wasio na uwezo kabisa, kamati ya mama ilikuwa ikiwafanyaje?

Mwana wa Kwale

Hawakulipa, na majina yao yalisomwa mkutanoni kwa idhini ya wote ili asiwepo wa kunung'unika baadaye. Bibi mmoja alikataa kusamehewa. Kila jioni alikuja na ufagio wake, akafagia kuzunguka bomba na kuzibua mfereji wa maji machafu, na mama akaandika kazi hiyo daftarini kama mchango wake.