Kitabu cha picha: tumbili na kioo, au kunguru na mwavuli?

Mama Tunu: Habari zenu jamani. Natafuta kitabu kimoja cha kumsomea mtoto kabla hajalala, na nimebakiwa na viwili. Cha kwanza, tumbili anaokota kioo, anadhani ni tumbili mwenziwe, anamkenulia meno, kisha anazunguka nyuma kumtafuta. Cha pili, kunguru anakuta mwavuli uliofungwa, hajui ni kitu gani. Vyote vina kurasa 32. Nichukue kipi?

Fundi Jalada: Mtoto ana umri gani? Karatasi ni laini au ngumu? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwalimu Sada: Na maneno je, ni mengi? Mtoto mwenyewe anatulia kusikiliza, au anataka kufunua kurasa yeye?

Bin Omari: Chukua kunguru, umri wowote. Hadithi ya kitu kigeni inanoga pale msikilizaji naye hakijui. Kioo kimeshachorwa kwenye jalada, sasa mtoto agundue nini?

Mama Tunu: Hajafika miaka miwili, bado kidogo. Anapenda kufunua mwenyewe. Karatasi ni laini vyote viwili. Cha tumbili kina maneno mengi yenye vina. Cha kunguru, kurasa nyingine hazina neno hata moja.

Fundi Jalada: Basi kwangu vyote bado. Nilimnunulia binti yangu kitabu cha kobe aliyekuta saa ya mezani, kina vipande vya karatasi vya kufunua. Kipande kilichoficha saa ndicho alichokipenda, ndicho kilichong'oka kwanza. Likabaki doa la gundi, naye kila tukifika hapo analikwangua kwa ukucha, anasubiri kobe ashtuke. Kobe ashtuke na nini, wakati saa iko wazi? Baadaye kurasa za katikati zikaachia, nikakuta pini ya kushonea iko wazi, imesimama kama mwiba. Nilikiondoa siku hiyohiyo, akalia sana. Umri huo ni kadibodi, yenye pembe za mviringo.

Mwalimu Sada: Pole, ila kitabu laini kinasomeka mtoto akiwa mapajani. Mimi naenda na tumbili. Watoto wengi huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, yaani wakati huuhuu. Na si lazima usome kila neno. Muulize, "Anatafuta nini huko nyuma?" kisha nyamaza, umpe nafasi ajibu, hata kwa kidole.

Kijana wa Porini: Mwisho tumbili anajitambua? Mwaka 1970 mwanasaikolojia Gordon Gallup aliwapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelala kwa dawa. Walipoamka na kujiona kwenye kioo, wakaigusa ile rangi. Wanyama wa jamii ya tumbili aliowajaribu hawakufanya hivyo. Tumbili si sokwe.

Mama Tunu: Ndiyo, anajitambua, anaondoka akicheka.

Kijana wa Porini: Hapo ndipo wanapomdanganya mtoto.

Mwalimu Sada: Tumbili huyohuyo anazungumza kwa vina na hilo hulilalamikii! Mtoto anajifunza kushangaa, sayansi ya wanyama itakuja.

Bin Omari: Kunguru hana kesi hiyo. Kunguru halisi huogopa kitu kipya: anasogea, anaruka nyuma, anasogea tena. Mama Tunu, mchoraji ameonyesha hivyo?

Mama Tunu: Ameonyesha. Ananyoosha shingo huku miguu imebaki nyuma. Ukifunua, mwavuli umefunguka kurasa mbili nzima, unaona mkia tu pembeni. Jamani, hiyo picha ni nzuri. Ila vile vina vya tumbili navyo ninavipenda.

Fundi Jalada: Ulizia kunguru wa kadibodi. Lakini kabla hujalipa, zihesabu kurasa. Matoleo ya kadibodi mara nyingi hupunguzwa, na wakiikata hiyo ya mwavuli kufunguka, hujanunua kitu.

Bin Omari: Na wasibandike kitufe cha sauti ya kunguru.

Mwalimu Sada: Kitufe kina ubaya gani?