Kikundi: Ukoo wa Bi Mize (Wete, Unguja na Maskati)

*Alkhamisi*

Rukia 20:14
Assalaam alaykum. Naulizia DVD za harusi ya Time. Nimesema tangu Mfungo Mosi. Nani anazo?

Rukia 20:39
Tiki za buluu zote hizo, hata mtu mmoja hana mdomo?

Makame 20:44
W/salaam. Moja ninayo mie, naitilia kikombe cha chai 😂

Rukia 20:44
Makame, leo sina mzaha na wewe.

Makame 20:47
Natania bibi we. Imo kabatini, imefungwa kwa kanga. Ila kwa chini imepiga madoa.

Mbarouk 20:51
Shikamoo mjomba. Usiipanguse kwa kuzungusha. Kitambaa laini, toka katikati nenda ukingoni moja kwa moja. Mchubuko unaofuata mzunguko ndio unaoiua, maana mashine nayo inasoma kwa kuzunguka.

Makame 20:52
Marahaba. Nishazungusha.

Rukia 20:53
Mbarouk, wewe ndiye fundi. Ichukue, ibane, itie humu kila mtu aione, tumalize.

Mbarouk 21:02
Mama mdogo, humu ukiitia kama video WhatsApp inaibana yenyewe, nyuso zinageuka vibokisi. Ile picha si kubwa hata hivyo, 720 kwa 576, hapana cha kupunguza tena. Kwanza naivuta diski nzima kama ilivyo, sigusi kitu. Ikiwa ya tabaka moja ni GB 4.7, ikiwa ya mbili ni 8.5. Hiyo ndiyo asili, inakaa kwenye hadi diski (hard disk) mbili, moja Unguja, moja kwa mama Salma. Nakala ndogo za simu zinatoka hapo kwenye asili, si nakala ya nakala.

Rukia 21:03
Salma kasema ukituma kama dokumenti haibanwi.

Mbarouk 21:05
Kweli, lakini mwisho GB 2. Asili haipiti. Ndogo itapita.

Salma Maskati 22:30
Ndio nimetoka kazini. Hiyo ndogo isije ikawa kama ile nyengine. MB 700, marehemu baba anaomba dua, mdomo wenda huku sauti yenda kule. Na diski yenyewe hatukuiona tena.

Makame 22:33
Unanisema mie.

Salma Maskati 22:33
Sikutaja jina.

Makame 22:36
Wakati ule kila kitu kikibanwa kiingie kwenye CD, si mie tu. Na aliyemlipa mpiga video ni nani? Hilo halisemwi.

Salma Maskati 22:37
Ulilipa nusu.

Makame 22:37
Na nusu ya pili ikaliwa halwa 😂😂

Zuwena 22:40
Halwa yenyewe upande wetu haikufika.

Rukia 22:41
JAMANI. Diski!

Mbarouk 22:49
Ile ndogo msihofu, mama. Siibani kwa kutaja ukubwa wa faili, naibana kwa kutaja ubora. Kwenye HandBrake, programu ya kubania video, naweka 19 hivi, namba ikishuka picha inapanda. Faili litakuwa kubwa pale penye vimulimuli na ngoma, dogo pale watu wamekaa kitako. Ukililazimisha lote liingie MB 700, ngoma ndiyo inayoumbuka. Na kamera zile zilikuwa zikipiga mistari kwa zamu, mtu akitembea ukingo wake unatoa meno ya chanuo. Hilo nalisawazisha kwenye ndogo tu, asili naiwacha.

Makame 22:50
Time alivyokuwa akitembea siku ile hata meno hayatoki. Aligoma kushuka gari.

Rukia 22:51
Basi kesho mpe mtu wa boti. Na ile ya kupamba anayo mama, Zuwena itoe, zende pamoja.

*Ijumaa*

Zuwena 06:20
Nimemwambia mama. Kanambia niandike kama anavyosema:

"Ya wanaume chukueni. Ya kupamba imo sandukuni kwangu. Mle wamo watoto wa watu vichwa wazi, wengine leo ni mama wa watu, wengine washatangulia mbele ya haki. Haitiwi mkononi mwa mwanamme, hata akiwa mjukuu wangu. Na hayo mambo ya kuweka mawinguni sitaki kuyasikia."

Mbarouk 08:02
Sawa bibi. Shikamoo.

Rukia 08:15
Mama kasema. Sasa tufanyeje?

Mbarouk 08:31
Akubali tu mwanamke mmoja aifanye. Kuvuta diski hakutaki mtu aangalie picha, mashine inasoma tu. Lakini msikae sana. Diski hizi za kuchomwa zina rangi ndani, joto na unyevu zinaila. Ikishakufa hata fundi hana la kufanya.

Makame 08:33
Sandukuni mwa bibi na udi ule, itakufa inanukia 😂

Rukia 08:34
Nuru! Wewe una laptop.

Nuru 11:58
Naam mama mdogo. Nilikuwa skuli. Laptop haina mdomo wa diski. Na nna mtihani.

Mbarouk 12:40
Ipo ya nje, ya USB, ntaileta. Ntamuelekeza kwa simu, mie nimekaa ukumbini.

Zuwena 13:50
Mama anauliza, ikishaingia kwenye laptop ya Nuru itatokaje?

Rukia 13:51
Itafutwa, inabaki kwenye hadi diski yake mwenyewe, na yenyewe inarudi sandukuni. Mwambie hivyo.

Zuwena 14:10
Kanyamaza.

Rukia 14:11
Kanyamaza ndio au kanyamaza sio?

Rukia 16:05
Makame, umempa mtu wa boti?

Makame 16:40
Kwani boti ishaondoka?

Ami Shaame 21:17
Wa alaykum salaam. Nilikuwa shamba. Mnaitafuta harusi ya Time ya kwanza au hii ya sasa? Ya kwanza ninayo mie.

Rukia 21:17
Ami!!

Ami Shaame 21:19
_Ujumbe huu umefutwa_

Time 21:20
Nishauona ami. Usiitupe.