Rangi ya maji inagoma kukaa kwenye muhuri, na kadi 40 zinanisubiri

MamaKurasa:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amefunga ndoa, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikajitolea kumtengenezea kadi 40 za shukrani, zote za mkono, zenye majani na maua ya kugonga kwa muhuri. Nilijua ni kazi ya jioni mbili. Leo ni jioni ya tano na kadi za kumwonyesha mtu ni tatu.

Muhuri wangu ni wa silikoni, ule unaopitisha mwanga na kubandikwa kwenye kibao cha plastiki. Napaka rangi ya maji kwa brashi, nagonga. Kinachotoka si jani, ni ukurutu. Nikiugeuza muhuri kabla ya kugonga naona rangi imejikusanya vitone vitone, kama maji juu ya jani la yungiyungi. Nikiongeza rangi linakuwa dimbwi, hata mishipa ya jani haionekani.

Nikabadili mbinu: mistari kwa wino mweusi, halafu najaza rangi kwa brashi. Wino ukatiririka, ua la njano likawa kama limening'inizwa jikoni juu ya moshi. Na manila yenyewe imejikunja kama mkeka.

Kosa ni rangi, muhuri, karatasi au mkono wangu?

Wembe_na_Raba:
Pole dada. Achana na silikoni, tafuta muhuri wa raba. Rangi ya maji inashika vizuri zaidi kwenye raba. Au chonga mwenyewe kwenye kifutio cha penseli, ndiyo ninayotumia mimi.

ShangaziBrashi:
Mwanangu, usitupe kitu bado. Mimi nimeharibu karatasi nyingi kwa hiyo hiyo silikoni, ngoja nikuambie kilichonitoa.

Muhuri mpya una uso unaoteleza mno. Maji hayapati pa kushika, basi yanashikana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo vile vitone. Chukua kifutio cheupe cha penseli, sugua uso wa muhuri taratibu, pande zote, mpaka ule mng'ao ufifie. Ukiwa wa raba unaweza kutumia msasa laini kabisa, mpito mmoja au miwili tu. Usikazane, utakula mistari.

Halafu punguza maji. Hapa ndipo wengi tunapokosea: kwa sababu inaitwa rangi ya maji, tunaileta kwenye muhuri ikiwa uji mwepesi. Kwenye muhuri rangi iwe nzito, karibu kama inavyotoka kwenye tyubu. Maji yaje mwishoni, kidogo. Mimi hupaka njano kwenye ncha ya jani, kijani kwenye kikonyo, naziacha zikutane katikati bila kuzichanganya. Kisha chupa ya kunyunyizia, naishika mbali, mkono ulionyooka, bofyo moja. Moja. Utaona rangi mbili zinaanza kuingiliana pale pale juu ya muhuri. Hapo gonga haraka, kandamiza bila kutikisa, hesabu mpaka kumi, inua wima. Chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa, muhuri uguse kila mahali.

Chapa ya pili usiongeze rangi. Upumulie muhuri pumzi ya moto, kama unavyofuta miwani, gonga tena. Hiyo ya pili, iliyofifia, mara nyingi ndiyo nzuri kuliko ya kwanza. Nikitaka majani yaonekane yako mbali, naitumia hiyo nyuma ya yale yaliyokolea.

Wino mweusi: ulionao unayeyuka kwa maji, basi. Kabla hujaanza kadi, gonga kwenye kipande cha kutupa, uache ukauke kabisa, pitisha kidole kilicholowa. Ukiacha mkia, huo si wa kujazia rangi. Tafuta usioyeyuka.

Na manila, jamani! Manila si ya maji. Tafuta karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Yenye uso wa kukwaruza inapendeza kwa brashi, lakini kwa muhuri wenye mistari myembamba chukua iliyolainishwa.

Fundi_Kadi:
Naongezea kwa shangazi: usipake rangi kwenye kadi yenyewe. Kata vipande vya milimita 95 kwa 138, gonga na upake humo, vikikauka vilaze chini ya vitabu usiku kucha, ndipo ubandike kwenye kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Utabaki na ukingo mweupe wa milimita 5 kila upande, na kipande kikiharibika hujaharibu kadi nzima. Manila uliyonayo inafaa kwa kadi ya nje. Kabla ya kuikunja, pitisha rula na peni iliyoisha wino kwenye mstari wa mkunjo, la sivyo itapasuka.

Kuhusu vitone, tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya brashi linasaidia.

ShangaziBrashi:
Sabuni mimi siipendi. Brashi ikichokoza kidogo tu povu linatoka, na kila kipovu kinaacha kiduara chake kwenye jani. Kama una gundi ya mgunga, ile ile inayoshikilia rangi za maji tangu zinatengenezwa, tone moja la hiyo linakaa vizuri zaidi.

Wembe_na_Raba:
Atakayechonga neno kwenye kifutio alichonge kinyume. Mimi nilichonga ASANTE jioni nzima, herufi kubwa safi kabisa, nikagonga kwa mbwembwe: neno likaanza na E! A na T hazina neno, zina sura ile ile kushoto na kulia. S, N na E ndizo zilizoniumbua. Siku hizi naandika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, naifunika kifudifudi juu ya kifutio, nasugua kwa kijiko. Maandishi yanahamia yakiwa yamegeuka yenyewe.

MamaKurasa:
Shangazi, shikamoo. Nimesugua kwa kifutio na bado sikuamini, nikasugua nusu tu ya jani ili nione. Nusu moja imeshika rangi mpaka mishipa, nusu nyingine ukurutu ule ule. Nimecheka peke yangu mezani.

Leo nina vipande kumi na moja chini ya kamusi. Cha kumi na mbili nilikibofya maji mara mbili.

ShangaziBrashi:
Marahaba. Hicho cha kumi na mbili usikitupe, kikikauka chora mishipa juu yake kwa peni isiyoyeyuka. Nionyeshe kesho.