Wino na karatasi kwenye kadi ya biashara: asilimia 1 badala ya 5

Mpishi_Houston
Wakuu, habari za kazi. Kadi yangu ya biashara hapa Marekani inarudisha asilimia 5 kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Nimechukua rimu za karatasi na wino wa printa supamaketi, jumla dola 420. Nilitegemea dola 21, nimerudishiwa 4.20. Risiti ninayo. Nikiituma benki, watarekebisha? Biashara ni ya kupikia sherehe, kama ina maana.

Hesabu_Kamili
Ndugu, risiti haitakusaidia. Kwa kawaida benki haioni ulichonunua. Inaona MCC, namba ya tarakimu nne ambayo muuzaji hupewa na kampuni inayompokelea malipo ya kadi, kulingana na biashara yake kuu. Supamaketi ni 5411, duka la vifaa vya ofisi ni 5943. Rimu ileile ukiichukua kwenye 5943 unapata 5. Hata kahawa ya wageni ukiinunua humo humo, unapata 5.

Wengi huumia kwenye maduka ya jumla ya uanachama. Yale ni 5300, na kadi nyingi hazihesabu kuwa ni duka la vyakula hata ukitoka na magunia ya mchele. Chakula cha hotelini nacho, kikiandikwa kwenye bili ya chumba, huingia kama malazi, 7011.

Kabla ya manunuzi makubwa, nunua kitu cha dola 2 au 3 kwanza. Subiri muamala ukamilike, kwani kabla haujakamilika, kundi la muuzaji (yaani hiyo MCC) linaweza kubadilika. Kisha ufungue kwenye programu ya benki. Nyingi huonyesha kundi la muuzaji.

DadaWaVitabu
Naongezea. Ukiona “SQ *” mbele ya jina la duka kwenye taarifa ya kadi, muuzaji anatumia Square, kampuni ya kupokelea malipo ya kadi, na huwa amejichagulia kundi mwenyewe alipojisajili. Makosa hapo ni mengi. Kama duka kweli ni la vifaa vya ofisi lakini limeingizwa 5999, maduka mengineyo ya rejareja, andikia benki ukitaja tarehe na kiasi. Hawalazimiki, ila wengine huongeza pointi.

Tafadhali usitumie kadi ya mkopo kutuma pesa nyumbani kwa ajili ya pointi. Huduma za kutuma pesa ni 4829, na benki nyingi huzihesabu kama kutoa taslimu: pointi hakuna, ada ipo, riba inaanza siku hiyohiyo.

Hesabu_Kamili
Na kwa kuwa unapikia sherehe, angalia namba yako pia. Upishi wa sherehe ni 5811, mgahawa ni 5812. Ukiwa umewekwa 7399, huduma za biashara kwa jumla, mteja mwenye kadi inayotoa bonasi kwenye chakula haipati kwako. Iombe kampuni ya mashine yako ya kupokelea kadi ikubadilishie, ukiambatisha leseni na menyu. Mabadiliko huanzia miamala mipya, ya zamani haiguswi. Usiombe 5812 kama huna mgahawa. Mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, hairuhusu.

Mpishi_Houston
Asanteni sana. Nimefungua mashine yangu sasa hivi, imeandikwa 7399. Nawaandikia leo.