Naomba ushauri: flopi za marehemu baba zina ukungu, na kiendeshi cha Commodore 1541 hakizisomi

MwanaPangani

Wakuu, salaam. Marehemu baba alisoma Ujerumani Magharibi miaka ya 1980, na aliporudi Tanga alikuja na kompyuta ya Commodore 64, kiendeshi chake cha 1541 (kifaa cha kusomea flopi), na boksi lenye flopi 22 za inchi 5.25, yaani diski laini za sumaku za kuhifadhia mafaili. Mama anasema kwa kompyuta hiyo baba aliandika historia ya ukoo wetu kama alivyosimuliwa na bibi yake. Nakala ya karatasi tumeitafuta kila mahali bila kuipata. Lebo za flopi zina herufi na namba tu kwa penseli.

Vyombo hivyo vimekaa stoo zaidi ya miaka 30, katika joto na unyevu wa pwani. Wiki iliyopita niliviwasha, vikawaka. Niliingiza flopi ya kwanza, nikaandika LOAD"$",8 ili nione orodha ya mafaili. Kiendeshi kikazunguka, kikagonga kwa ndani tatatata, kisha taa nyekundu ikaanza kumemeta. Ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu, yenye lebo "U 4–6", pia. Nilipoishika hiyo ya tatu kwenye mwanga, niliona kupitia uwazi wa jaketi lake (ganda la nje) madoa meupe kama unga, na katikati yake mchirizi mwembamba wa mviringo. Fundi mmoja hapa mjini amenishauri nizifomati kwanza, ndipo zitasomeka. Nifuate ushauri huo?

FundiRedio

Pole kwa kufiwa na mzee. Nakusihi usifomati hata moja, kwa sababu kufomati ni kuandika upya njia zote 35 za flopi (miduara ambamo data huandikwa), na kilichokuwamo hakirudi tena.

Unga huo ni ukungu, na mchirizi ni mahali kichwa cha kusomea kilipoukwangua. Katika 1541 kichwa kiko chini, na juu kuna kijipedi kinachoikandamiza flopi. Uchafu ukishanasa hapo, kila flopi unayoingiza inakwaruzwa na uchafu wa iliyotangulia. Ndiyo maana nakuomba usiingize nyingine kabla hujakisafisha. Fungua skrubu za chini, ondoa kifuniko, loweka pamba kidogo kwa spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta, upanguse kichwa taratibu bila kuuinua kwa nguvu mkono wa juu. Rudia mpaka pamba itoke nyeupe.

Mlio usikutishe sana. Kiendeshi hiki hakina kihisio cha kukijulisha kuwa kichwa kimefika njia ya kwanza, kwa hiyo kikishindwa kusoma hukirudisha kichwa nyuma mpaka kigonge kizuizi. Hata hivyo, kugonga kwingi huweza kukihamisha kichwa kutoka mstari wake.

BintiMvita

Kaka, kabla ya hayo yote pima adapta ya kompyuta kwa multimita. Inatoa volti 9 za AC na volti 5 za DC, na adapta hizi zikizeeka ile 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ikizidi 5.2 usiiwashe tena, tafuta mbadala.

Pia ziba kwa stika lile pengo la mraba pembeni mwa kila flopi. Kwa flopi za inchi 5.25 pengo likiwa wazi ndipo kiendeshi kinaweza kuandika, tofauti na zile ndogo za inchi 3.5 ambazo tundu likiwa wazi ndipo huzuia.

Ukitaka kujua kosa lenyewe, andika programu hii, kwa kuwa INPUT# haikubali kutumika nje ya programu:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A$,B$,C$,D$
30 PRINT A$;" ";B$;" ";C$;" ";D$
40 CLOSE 15

Ukiona 21 READ ERROR 18 00, maana yake hakioni alama zozote kwenye njia ya 18, ambako orodha ya mafaili huhifadhiwa. Likitokea kwa flopi zote, hata iliyo safi, shida ni kichwa. Likitokea kwa moja, shida ni flopi.

MzeeWaKazi

Nakazia aliyosema FundiRedio. Kichwa kikishasafishwa, kijaribu kwa flopi tupu isiyo ya baba, na iwe ya densiti mbili (double density), kwa kuwa zile za densiti kubwa (high density) haziandikiki vizuri kwenye 1541. Ifomati, uone kama inakuonyesha 664 BLOCKS FREE.

Kisha nakili zile safi kwanza. Kifaa cha ZoomFloppy huunganisha 1541 na kompyuta ya kisasa kwa USB, na kila flopi inakuwa faili moja la baiti 174,848. Zenye ukungu zinahitaji kutolewa kwenye jaketi, kuoshwa kwa maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa), kukaushwa kivulini, kisha kuvishwa jaketi safi la flopi nyingine.

MwanaPangani

Nawashukuru sana. Adapta ilisoma 5.6, nimeiweka kando na kuazima nyingine. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya kahawia, ya nne ikatoka nyeupe. Flopi tupu imefomatika vizuri. Kisha nikachagua moja ya baba isiyo na doa, "U 1–3", nikaiziba pengo, na kwenye skrini yakatokea haya:

41 "UKOO 1" SEQ
37 "UKOO 2" SEQ
44 "UKOO 3" SEQ

Kumbe ile niliyoikwaruza ndiyo inayoendelea. Nimeifunga kwenye bahasha, na sitaigusa mpaka nipate jaketi la kuivisha. MzeeWaKazi, naomba unieleze: jaketi hulikatia upande gani bila wembe kuigusa flopi yenyewe?

MzeeWaKazi

Kata ukingo wa juu, ule ulio karibu na lebo, milimita 2 tu kutoka mwisho. Kwanza itikise flopi ishuke upande wa chini, na utumie mkasi badala ya wembe.